Ulimi wa kijani: vumbi la vanadi na pumzi ya mtumikaji



Tumepata barua kutoka Rumangabo, kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru. Aliyeiandika ni mama mwenye kijana anayetumika Katanga. Kijana huyo alichukuliwa kwa kazi ya wiki mbili katika kiwanda cha asidi ya salfa, wakati kiwanda kilipozimwa ili kisafishwe. Siku ya nne alianza kukohoa. Siku ya sita mke wake alimpiga picha kwa simu akaituma Rumangabo: ulimi wa kijana umegeuka kijani, kama wa mtu aliyetafuna majani. Ndugu walipokusanyika kuitazama ile picha, neno moja likatoka: sumu. Na sumu, wakasema, hutoka jikoni. Mama anauliza: «Ni kweli mke wa mtoto wangu amemlisha kitu? Nijibuni upesi, kwa maana wajomba wanataka kusafiri kwenda kumchukua kijana na kumwacha mke.»

Tunamjibu mbele ya watu wote. Mama, mwache mkwe wako apumzike. Ulimi wa kijani kwa mtu aliyefanya kazi kama hiyo ni alama ambayo waganga wa kazi wanaijua tangu zamani. Si chakula. Ni vumbi la vanadi. Sumu ipo kweli, lakini imeingia kwa pua, na ilitoka kazini.

Tutaeleza taratibu, kwa sababu vumbi hili watumikaji wengi hulishika bila kujua jina lake.

Moshi wa mlima na moshi wa kiwanda

Vanadi ni madini ya chuma. Mtu wa kwanza kuitambua alikuwa Andrés Manuel del Río, huko Mexico, mwaka 1801. Watu wakambishia, naye akakubali kwamba amekosea. Mwaka 1830 Msweden Nils Sefström aliiona tena, akaipa jina la Vanadis, mungu wa kike wa uzuri katika hadithi za kwao, kwa ajili ya rangi zake nyingi. Rangi hizo tutazirudia, maana ndizo zilizoleta maneno Rumangabo. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki vanadi imo katika mawe ya chuma ya Liganga, wilaya ya Ludewa, Tanzania. Hata rangi ya buluu ya tanzanaiti ya Mirerani inatokana na vanadi kidogo iliyojificha ndani ya kito.

Kiwandani vanadi haiji kama chuma. Inakuja ikiwa imeshikana na oksijeni, na mchanganyiko huo huitwa oksidi ya vanadi. Oksidi inayotuhusu ina vanadi 2 kwa oksijeni 5. Ni unga wa njano ya machungwa, mara nyingine wa rangi ya kutu. Hauna harufu, na hapo ndipo hatari yake inapoanza, kwa maana pua haikuonyi.

Wewe wa Rumangabo una faida moja katika somo hili: gesi ya kiwanda cha asidi unaijua tayari. Mlima Nyamulagira unapofuka na upepo ukageuka kuja kwenu, koo linakabwa na harufu ya kiberiti. Ile ni dioksidi ya salfa, na Nyamulagira ni mmoja wa milima inayoitoa kwa wingi kuliko mingine yote duniani. Gesi hiyo ikikaa angani hujiongezea oksijeni, ikakutana na maji ya mawingu, ikawa asidi. Ndiyo maana mvua iliyopita katika moshi wa mlima huchoma majani ya maharagwe na kula mabati.

Kiwanda kinafanya jambo lile lile ndani ya chuma, kwa haraka. Salfa inachomwa, au gesi ya tanuri za shaba inakusanywa, na mwishoni inapatikana asidi ya kuyeyusha shaba na kobalti kutoka katika mawe, kama inavyofanywa Likasi na Kolwezi. Lakini gesi ile ni nzito kupokea oksijeni. Inahitaji kusukumwa. Kwa hiyo hupitishwa katika chombo kikubwa cha chuma chenye matabaka 4 au 5 ya punje, kwa joto la digrii 400 mpaka kupita 600. Kila punje ni kama ncha ya kidole. Sehemu kubwa yake ni silika, pamoja na chumvi za potasi, na oksidi ya vanadi kiasi cha sehemu 5 hadi 9 kwa 100. Vanadi inaipa gesi oksijeni, kisha inajichukulia nyingine kutoka hewani, bila yenyewe kuisha. Kitu cha kazi hiyo huitwa kichocheo.

Kijana wa Rumangabo alikuwa akitoa punje hizo na kuzichekecha. Kila mara kiwanda kinapozimwa na kuwashwa tena, punje hupasuka kidogo. Vumbi linajaa katikati yake na gesi inashindwa kupita. Baada ya mwaka mmoja au miwili lazima tabaka la kwanza litolewe, lichekechwe, lirudishwe. Wanaopewa kazi hiyo mara nyingi ni watu wa muda, waliokuja wiki hiyo na watakaoondoka wiki ijayo, wasiokuwa na wa kuwafundisha. Hilo sisi hatulipendi, na tunalisema.

Muhogo mzima na unga wa muhogo

Kwa nini vumbi liumize kuliko punje nzima, na vanadi ni ile ile? Mama yeyote anaweza kujibu. Kipande cha muhogo mkavu ukikitupa motoni kinachelewa kushika. Unga wake ukipeperuka juu ya moto unalipuka mara moja. Kitu hakikubadilika, ulichoongeza ni uso wake, yaani mahali pa kukutana na hewa.

Tupige hesabu. Chukua mchemraba wenye sentimita 1 kila upande. Uso wake wote ni sentimita za mraba 6, chini ya ukubwa wa stempu mbili. Ukate uwe michemraba ya milimita 1: uso unakuwa sentimita za mraba 60. Usage mpaka kila chembe iwe na upande wa sehemu moja ya elfu ya milimita: sasa ni meta za mraba 6, kama mkeka mkubwa. Endelea mpaka chembe ya nanometa 10, na uso wa mchemraba ule ule mdogo unafika meta za mraba 600. Nanometa moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Unywele wa kichwa chako una unene wa nanometa 80,000 hivi.

Wanaotengeneza vichocheo na betri wanautafuta uso huo mkubwa kwa juhudi, kwa sababu kazi yote ya vanadi inafanyika usoni. Na mapafu yanaumizwa na uso huo huo.

Namna unga unavyotengenezwa, na namna unavyotambuliwa

Njia ya kawaida ni hii. Mawe yenye vanadi hukaangwa pamoja na chumvi ya sodiamu, yakaloweshwa majini, kisha chumvi ya amonia ikatiwa. Unga mweupe hutuama chini. Unga huo ukitiwa moto, amonia inapaa na kubaki oksidi ya rangi ya machungwa.

Njia ya pili ni ya ajabu kidogo. Oksidi ikiyeyushwa, jambo linalotaka digrii kama 690, ikamiminwa ghafula katika maji, inatokea uji mzito mwekundu. Hata bila kuiyeyusha uji huo hupatikana. Mfaransa Ditte aliueleza mwaka 1885. Hakuna aliyeweza wakati ule kuona kilichomo. Leo tunajua kwamba ni tepe ndefu mno na nyembamba mno, upana wake nanometa 10 hivi na urefu unaopita 1,000.

Mwaka 1998 wataalamu wa Zürich, nchini Uswisi, walitangaza jambo jingine. Walichanganya oksidi ya vanadi na kemikali yenye mkia mrefu wa kaboni, wakaufungia mchanganyiko na maji katika chombo kisichotoa mvuke, wakauacha katika joto la digrii 180 kwa siku kadhaa. Walipofungua walikuta mirija midogo: karatasi za oksidi zilizojikunja kama mkeka unaosimamishwa ukutani asubuhi. Afrika ya Kusini nayo, katika maabara ya iThemba karibu na Cape Town, imetafiti oksidi nyingine ya vanadi, ile inayobadilika tabia yake ikifika digrii 68. Inatazamiwa kwa vioo vinavyozuia joto la jua lisiingie nyumbani.

Wala mwanadamu hakuwa wa kwanza. Kwenye mlima wa moto wa Bezymianny, huko Kamchatka nchini Urusi, na kwenye Izalco nchini El Salvador, imeonekana oksidi ya vanadi iliyoota kama sindano nyembamba kwenye nyufa, pale mvuke wa moto unapopoa.

Mtu anajuaje ameshika kitu gani? Kwanza kwa rangi. Oksidi yenye oksijeni nyingi ni ya machungwa. Ikipungukiwa inakuwa buluu iliyoiva, kisha nyeusi. Lakini rangi haitoshi. Hupigwa miale ya eksirei, ambayo inarudi kwa pembe zinazoonyesha mpango wa ndani wa chembe. Hadubini ya kawaida ya hospitali inaishia kwenye nanometa 200 hivi, basi hutumiwa hadubini ya elektroni kuona kama chembe ni duara, tepe au mrija. Na kujua ukubwa wa uso, unga hupozwa sana na kupewa gesi ya nitrojeni: jinsi inavyonata nyingi, ndivyo uso ulivyo mkubwa.

Mganga wa kazi anauliza maswali yale yale matatu juu ya vumbi la kiwanda: ni oksidi gani, chembe zina ukubwa gani, zina umbo gani? Kampani inayomwita apime hewa yake imjibu. Neno «vumbi» peke yake halimsaidii.

Linavyoingia

Chembe kubwa hukamatwa puani na kooni. Zilizo chini ya sehemu 10 za elfu za milimita zinashuka kifuani. Zilizo chini ya 4 zinafika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, ambako damu huchukua hewa. Hapo oksidi ya vanadi inayeyuka na kuwasha nyama laini.

Dalili ni macho kuwasha, pua kutoka maji, koo kukwaruza, kikohozi kikavu, kifua kubana na pumzi kutoa sauti ya filimbi. Kinachodanganya watu ni saa. Mtumikaji anamaliza zamu vizuri, anakula, analala; kikohozi kinamwamsha usiku au kesho yake, naye anadhani ni baridi. Na akirudi penye vumbi mara ya pili, mwili mara nyingi haungoji tena muda mrefu.

Mwaka 1967 Wamarekani wawili, Zenz na Berg, waliandika juu ya watu waliokubali kupimwa kwa hiari. Wawili walivuta hewa yenye miligramu 1 ya vumbi hili kwa kila meta ya ujazo, kwa saa 8 tu. Walikohoa siku 8. Kwa kiasi kidogo mara kumi, hawakuona kitu wakiwa ndani, lakini ndani ya siku moja makohozi yakawa mengi, yakaisha baada ya siku 4. Leo kipimo ambacho wataalamu wa usafi wa kazi wa Marekani wanashauri kisipitwe ni miligramu 0.05 kwa meta ya ujazo. Fikiria maana yake: gramu 1, ambayo unaweza kuibeba juu ya kucha, inatosha kuchafua mpaka kipimo hicho vyumba zaidi ya 600 vya meta 3 kwa 4.

Kuna jambo la kufikiri kwa miaka mingi pia. Katika utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, panya waliovutishwa oksidi hii kwa miaka 2 walipata vivimbe vya mapafu. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa limeiweka katika kundi la vitu vinavyoweza kuleta kansa kwa mtu. Na ile silika ya punje, ikipikwa muda mrefu, sehemu yake hugeuka kuwa aina inayoleta ugonjwa wa mapafu ya mawe, ambao wachimbaji wa chini wanaujua sana.

Juu ya mirija na tepe za maabara tahadhari ni kubwa zaidi, kwa ajili ya umbo. Asbesto ilitufundisha kwamba uzi mrefu na mwembamba haumezeki na chembe za damu zinazosafisha mapafu. Oksidi ya vanadi inayeyuka, asbesto haiyeyuki, basi tusiseme ni kitu kimoja. Ila anayezishika azishike ndani ya kabati lililofungwa lenye kuvuta hewa.

Na ulimi? Vanadi ikilowana kinywani hupoteza sehemu ya oksijeni yake, na vanadi ya namna hiyo ni ya kijani. Ni zile zile rangi za Sefström. Ulimi wenyewe haudhuriki. Ukitoka penye vumbi rangi inaondoka baada ya siku chache. Lakini umekuambia kwamba vumbi ni jingi. Usingoje ulimi, pia: wako wanaokohoa vibaya na ulimi wao ni mwekundu kama siku zote.

Kazini

Chombo hakiingiwi kabla ya kupimwa oksijeni na gesi iliyobaki. Kila mmoja anajua hilo, na bado kila mmoja ana rafiki aliyeingia.

Punje zitolewe kwa mashine ya kufyonza yenye chujio la vumbi laini. Upepo wa kompresa usitumike, hata kwa kujipangusa nguo, kwa maana unarudisha hewani yote yaliyotua. Ufagio mkavu ni ndugu yake kompresa. Wengine watasema, basi tumwage maji. Hapana. Maji yanaharibu kichocheo, na zaidi ya hayo punje zilizotumika zina asidi ndani yake, zikilowa zinachoma. Ndiyo sababu vumbi hilo linawasha shingoni na makwapani penye jasho.

Kitambaa kilicholoweshwa na kufungwa puani hakifai. Kiinue juani uone tundu zake kwa macho, kisha ukumbuke chembe tulizozitaja. Inatakiwa barakoa ya uso mzima yenye chujio la daraja la P3, au ya kuletewa hewa kwa bomba, na ndevu zinyolewe ili ishike. Wengine huuliza: chembe ndogo kabisa si zitapita hata P3? Inashangaza, lakini chembe ngumu kunaswa ni zile za nanometa 300 hivi. Zilizo ndogo zaidi hazitulii. Zinayumbayumba na kugonga nyuzi za chujio, zikanata. Hatari kubwa iko ukingoni mwa barakoa isiyokaa vizuri usoni.

Maziwa tumeulizwa mara nyingi. Ni chakula kizuri, kunyweni. Lakini yanakwenda tumboni, na vumbi liko mapafuni.

Nyumbani

Ovaroli isifike nyumbani. Ifuliwe kazini. Ikibidi kufika, isikung'utwe mlangoni wala kulaliwa na mtoto, na ifuliwe peke yake katika maji mengi. Mtumikaji aoge kabla ya kumbeba mwanawe.

Neno la pili ni mapipa, na hapa tunawalenga hasa ninyi mnaoishi juu ya mawe ya lava, ambako mvua huzama mara moja na pipa la kukingia maji ni mali. Mapipa yaliyoleta kichocheo huonekana mazuri, yana vifuniko, na yanauzwa kwa bei ndogo nje ya viwanda. Msiyanunue kwa maji wala kwa unga. Kuyasuuza mara tatu hakutoshi.

Kwa mama wa Rumangabo

Kijana asirudi kwenye vumbi, hata kama zimebaki siku mbili za malipo. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza. Aende hospitali, na mke wake afuatane naye. Asiseme tu «nakohoa». Aseme: «Nilitoa na kuchekecha kichocheo cha vanadi, siku kadhaa, kikohozi kilianza siku ya nne.» Mganga atampima nguvu ya pumzi kwa kumpulizisha, ataweza kuagiza mkojo upimwe vanadi mapema, kabla haijatoka mwilini, na kama kifua kinapiga filimbi atampa dawa ya kukifungua. Akishindwa kumaliza sentensi bila kupumua, au midomo ikawa buluu, apelekwe usiku huo huo.

Aulize pia kama jina lake liliandikishwa CNSS na aliyemwajiri, kwa maana ugonjwa wa kazi una haki zake. Na ile picha ya simu isifutwe. Ina tarehe, nayo ni ushahidi kwamba siku ya sita ya kazi hiyo ulimi wake ulikuwa wa kijani.

Mama, tunakutumia nakala mbili za ukurasa huu. Moja ni yako. Ya pili wape wajomba kabla hawajakata tiketi.